Mtihani wa Mlango

Jicho lile lilipita mtihani wa mlango. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Mtihani wenyewe ni huu. Dada yangu akishachora jicho la bandia, na mimi nikishaling'arisha, mteja hulivaa, hutoka nje na kupiga hodi kwa jirani yetu, fundi saa, ambaye hajui lolote kuhusu mteja huyo. Fundi saa humtazama usoni mara moja na kutaja upande: kushoto au kulia. Akilitaja jicho la bandia bila kusita, tunarudi mezani. Akisita, au akikosea, kazi imekwisha. Baba yetu ndiye aliyeanzisha mtihani huo, na ndiye aliyetugawia kazi. Mimi natengeneza ganda na weupe wa jicho, Dada anachora rangi, yaani lile duara linalozunguka mboni. Ganda ni plastiki ngumu, ileile ya meno ya bandia. Vishipa vyekundu ni nyuzi za hariri zilizochambuliwa mpaka hazionekani kwa urahisi. Juu ya vyote hupitishwa tabaka angavu linaloivishwa kwenye maji ya moto.

Siku ile aliyesimama mbele ya fundi saa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sindano ya cherehani ilikatika katikati ya mshono, kipande kikaruka kwenye jicho lake la kushoto, na madaktari hawakuweza kuliokoa. Fundi saa alimtazama, akasema "Kulia," kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe. Kulia ndiko kulikokuwa na jicho alilozaliwa nalo. Mshonaji alicheka mpaka akashikilia mlango. Dada hakucheka, ila siku hiyo alifunga karakana mapema, jambo analofanya kwa nadra.

Wiki iliyofuata mshonaji alirudi. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi juu ya jicho la kushoto, kama alivyokuja mara ya kwanza. Jicho letu alilibeba kwenye kikopo, limezungushiwa pamba.

"Linakuumiza?" Dada aliuliza.

"Haliniumi hata kidogo, Fundi. Limenikaa kama langu."

"Sasa?"

"Mwanangu hanitaki nikilivaa."

Alieleza bila kutia chumvi, na ndiyo maana nilimwamini. Ana binti wa miaka miwili na ushee. Baba yake mtoto, ambaye ni kinyozi, amembandika jina Mkaguzi, kwa sababu akirudi kutoka kazini lazima mkoba wake upekuliwe kwanza ndipo apite. Mama akiwa na kitambaa, Mkaguzi hukaa mapajani, hula, hulala, humvuta nywele. Mama akivaa jicho, Mkaguzi humkaribia, humtazama, kisha hulia na kukimbilia kwa baba.

"Mpe muda," nilisema. "Watoto huzoea."

"Dada mdogo, nimempa muda. Kila asubuhi navaa, kila asubuhi naanza siku na kilio." Alikiweka kikopo mezani. "Nimekuja kulirudisha. Watu wazima wote wananisifia, mpaka wifi yangu ambaye hajawahi kusifia kitu. Lakini sikuagiza jicho kwa ajili ya wifi. Nilitaka mwanangu anitazame. Kama haiwezekani, nitabaki na kitambaa na nisijisumbue tena."

Dada alilitoa jicho kwenye pamba, akalipeleka dirishani, akalirudisha chini ya taa, akalipeleka tena dirishani.

"Kitambaa alikizoea baada ya muda gani?" aliuliza.

"Hakukizoea. Siku niliyotoka hospitali alikivuta, akakiachia, akaomba uji. Basi."

"Kitambaa cheusi usoni mwa mama yake anakipokea siku hiyohiyo," Dada alisema, akinigeukia mimi, si yeye. "Jicho linalofanana na lile jingine analikataa wiki nzima. Kwa nini?"

Nilikuwa na maelezo, ambayo si sawa na jibu: mtoto ni mtoto, leo analia kwa hili, kesho kwa lile. Dada hakuyataka. Alimwomba mshonaji atuachie jicho mpaka Jumamosi, na Jumamosi tutalipeleka wenyewe nyumbani kwake.

Siku zile za katikati alizimaliza kwenye mboni. Alikuwa na hoja nzuri. Mboni ya jicho hai hupanuka kwenye giza na kusinyaa kwenye mwanga, lakini ya bandia hubaki vilevile. Sisi huchora mteja akiwa ameketi mbele ya dirisha kubwa. Kama nyumba ya mshonaji ina giza, jicho moja litakuwa na mboni pana na jingine nyembamba, na mtoto anaweza kuliona hilo kabla ya mtu mzima. Nilikubali. Nilikuwa hata nimeanza kutayarisha ganda jipya.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya banda la kinyozi. Ukuta wa mbele ulikuwa na dirisha pana na upande wa pili mlango wa uani uliokuwa wazi. Mwanga ulijaa kama karakanani kwetu. Mshonaji alipovaa jicho, Dada aliinama mbele yake, akalinganisha mboni mbili, akajinyoosha.

"Si mboni," alisema. Hoja ya siku zile zote ikaishia hapo, naye hakuonekana kuihurumia.

Kinyozi aliingia akijifuta mikono kwa taulo, ameuacha mlango wa mbele wazi ili amsikie mteja atakayekuja.

"Karibuni, shemeji zangu. Mmekuja kumwona Mkaguzi? Leo yuko ofisini." Alionyesha chini ya meza. Mtoto alikuwa ameketi huko na mkoba wa baba yake, anatoa vitana kimoja kimoja na kuvipanga sakafuni.

"Shemeji," Dada alimwambia, "nataka niketi tu. Nisiongee. Unaruhusu?"

"Ketini hata mpaka kesho. Mimi mwenyewe nikiongea humu ndani hakuna anayenisikiliza."

Dada hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, macho yake yakiwa kwenye usawa wa macho ya mtoto. Ana goti bovu na nilijua kuinuka kutamsumbua. Mimi nilichukua kiti.

Ikapita kitambo. Mkaguzi alimaliza vitana, akatoka chini ya meza, akamwona mama yake. Alisimama. Kisha akamwendea, si kwa woga; alikwenda kama mtu aliyeitwa kazini. Akashika kidevu cha mama kwa mikono miwili, akakizungusha kuelekea dirishani. Akatazama. Akakizungusha upande wa pili. Akatazama tena. Midomo ikaanza kucheza, na kilio kikaja.

"Unaona?" mshonaji alisema. Alikuwa amekaza uso, ila mikono ilikuwa imefumbata kanga.

Kinyozi alimbeba mtoto begani. "Na mimi juzi nilinyoa ndevu, akanikagua nusu saa. Lakini mimi alinipitisha."

"Anatazama wapi?" Dada aliniuliza.

"Jichoni."

"Wapi jichoni?"

"Sikuona."

"Kwa sababu umekaa kitini. Hatazami mboni. Hatazami rangi yangu kabisa." Alisema hivyo kwa mshangao na, nadhani, kwa wivu kidogo. "Anatazama weupe wako. Upande wa puani."

Weupe ni kazi yangu. Niliomba kioo cha kukuzia, nikamkagua mshonaji jichoni upande wa pua: rangi sawa, nyuzi sawa, hakuna mkwaruzo wala povu. Nilisema hivyo.

"Najua hakuna kitu," Dada alisema. "Labda ndilo tatizo lenyewe."

Akamgeukia mshonaji. "Huyu ulikuwa unamnyonyesha mpaka lini?"

"Mpaka siku ya ajali. Sikumwachisha mimi, sindano ndiyo iliyomwachisha."

"Ulimpakata mkono gani?"

"Wa kushoto, siku zote. Wa kulia ulikuwa unashona. Nguo za watu hazingoji mtoto ashibe."

"Mpakate kama ulivyokuwa unafanya. Mwangalie."

Mtoto alikuwa ameshatulia. Mama alikaa kwenye mkeka, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, mwili mrefu kuliko mahali pale, miguu ikining'inia. Wote wawili walijua mkao ule bila kufundishwa. Mkaguzi aliangalia juu. Mkono wake ulipanda taratibu, kidole kimoja kikanyooka, kikasimama karibu kabisa na kona ya jicho, upande wa pua, chini kidogo. Hakikugusa. Kilisubiri pale kama kidole cha mtu anayefuata mstari wa maandishi na kukuta neno limefutwa. Kisha akalia tena.

"Kulikuwa na nini pale?" Dada aliuliza.

Mshonaji alishika shavu. "Pale? Hakukuwa na kitu. Fundi, nimejitazama kwenye kioo maisha yangu yote."

"Kwenye kioo unajitazama mbele. Shemeji?"

Kinyozi alikuna kichwa. "Jicho lilikuwa jicho. Zuri."

"Umekaa naye miaka mingapi?"

"Sita."

"Na hujui kama lilikuwa na alama?"

"Sasa dada yangu, mimi nilikuwa nampenda, sikuwa namkagua!"

Mshonaji alimkata jicho, la kulia, na bado lilitosha kumnyamazisha.

Dada akaniita nikae mkekani, akanipa mto niupakate kama mtoto, mkono wa kushoto. "Uangalie mto." Nikatazama chini, kushoto. "Haya, njooni muone jicho lake la kushoto. Likigeukia kule, weupe wa upande wa pua unafunuka. Akitazama mbele, kona ya kope inaufunika. Kama pale palikuwa na doa, hakuna aliyeliona sawasawa isipokuwa mtu aliyelala mkono wa kushoto akinyonya."

Ilikuwa hoja nzuri, lakini ile ya mboni nayo ilikuwa nzuri. Nilisema nataka kitu zaidi ya kidole cha mtoto. Kinyozi akakumbuka picha. Aliipiga kwa simu mtoto akiwa na miezi michache, kwa siri, kwa sababu mkewe alikuwa amesinzia huku ananyonyesha na huku ameshika mkasi. Katika picha hajafumba macho kabisa. Aliikuza mpaka uso ukawa vigae vya rangi. Kwenye kona ya jicho la kushoto palikuwa na kitu cheusi kama punje ya ufuta.

"Hilo hapo!" kinyozi alisema.

"Au kivuli," nilisema. "Au ukope. Au uchafu wa kioo cha simu." Nilikifuta kioo kwa kanga. Punje haikuondoka. Uchafu nikaufuta kwenye orodha yangu. Kivuli na ukope vilibaki, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba havikuwa hivyo.

Njiani kurudi tuligombana. Baba alitufundisha kwamba jicho lililobaki ndilo ramani. Unanakili unachokiona, hubuni. Kuongeza doa ambalo halipo kwenye jicho la kulia, kwa ushahidi wa mtoto na picha mbovu, kwangu kulikuwa ni kubuni. Isitoshe, ili kuliweka lazima nisage tabaka angavu na kuliivisha upya. Likiingia povu, au likipata ufa, mchoro wa Dada wa wiki nzima umekwenda, na mshonaji alikwisha sema hatajisumbua tena.

"Baba alinakili jicho lililobaki kwa sababu hakuwa na jingine la kunakili," Dada alisema. "Sasa tumepata mtu aliyeliona lililopotea."

"Mtu mwenyewe hajui hata kuhesabu vidole."

"Hatumwulizi vidole."

"Na kwa nini alikubali kitambaa?"

"Kitambaa hakidai kuwa jicho," alisema. "Letu linadai. Kwa hiyo akaenda kuhakikisha."

Nilihamishia mkoba wa vifaa bega la pili, nikaubeba mpaka nyumbani.

Nilidhani doa ni kazi ya dakika. Unachukua rangi ya kahawia, unagusa. Dada aligusa hivyo kwenye ganda bovu, akanionyesha: nukta ya kalamu. Kila mtu angeiona na kusema hiyo ni nukta ya kalamu. Doa la jicho halikai juu ya weupe, limezama ndani yake, na kingo zake hazina mwisho unaoweza kuuonyesha. Alijaribu tena, na tena. Aliacha karakana akaenda kusimama mahali penye watu, kwenye foleni, kwenye vibaraza vya maduka, akitazama watu machoni kwa karibu kiasi kwamba mzee mmoja alimuuliza, "Mama, tunafahamiana?" Akamjibu, "Hapana, ila naomba utazame kushoto." Mzee akatazama kushoto. Sijui kwa nini watu humtii.

Alirudi na alichokitaka. Madoa ya macho, alisema, si ya kahawia. Ni ya njano iliyofifia, na kahawia iko katikati tu, na kuna kishipa kinachopita chini yake bila kukatika. Akachora kwa matabaka, rangi kidogo, tabaka angavu, rangi kidogo, akingoja kila moja likauke. Meza ikajaa maganda yenye madoa, yamepangwa kama vitana vya Mkaguzi.

Kisha likaja swali la mahali, na hapo ndipo nilipoacha kumpinga, kwa sababu aliuliza swali ambalo mimi, mtu wa ushahidi, nilipaswa kuliuliza kwanza. Jicho la bandia husogea kidogo tu. Mshonaji akitazama chini kushoto, la kwetu halitageuka kiasi kile cha zamani. Doa likiwekwa pale lilipokuwa, litabaki nyuma ya kona ya kope na mtoto hataliona kamwe.

"Kwa hiyo tukiwa wakweli kwa mahali, hatutakuwa wakweli kwa mtoto," nilisema.

"Lisogeze kuelekea rangi. Kiasi gani, wewe ndiye unayejua ganda linavyotembea."

Nilipima. Nililijua ganda lile kwa milimita, maana nililichonga mimi. Nikaweka alama ya penseli, upana wa ukucha wa mtoto kutoka pale kidole kiliposimama. Nikasaga weupe wa upande wa pua tu, polepole, kwa gurudumu laini, nikisimama kila mara kuangalia nisiifikie rangi ya Dada. Dada akachora. Nikafunika kwa tabaka angavu, nikalitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, nikangoja liive, nikalitoa. Hakukuwa na povu. Hakukuwa na ufa. Fundi saa hatukumwita. Safari hii mtihani haukuwa wake.

Mshonaji alilivaa nyumbani kwake, mbele ya kioo cha kinyozi. Alijitazama moja kwa moja.

"Mimi silioni," alisema.

"Geuza uso kidogo. Tazama chini."

Akageuza. Akaliona. Alikaa akilitazama kwa muda, na sikujua kama amekasirika. Ni mwanamke aliyekuja kwetu atengenezewe jicho zuri, na tulikuwa tumelitia waa.

"Hili nilikuwa nalo?"

"Sijui," Dada alisema. "Si lako. Ni lake."

Mkaguzi alikuwa uani, akimwaga maji kutoka kopo moja kwenda jingine. Baba yake alimwita. Hakuja. Akaitwa tena, akaja na kopo mkononi, magoti yameloa, akamwona mama kwenye mkeka na jicho usoni. Alisimama palepale aliposimama Jumamosi. Kinyozi alikuwa ameshika taulo kwa mikono miwili.

Mtoto aliweka kopo chini. Akamwendea mama, akashika kidevu, akakizungusha dirishani. Akatazama. Hakukizungusha upande wa pili. Alijipandisha mapajani, akajilaza kwenye mkono wa kushoto, miguu ikining'inia, akaangalia juu. Mama alitazama chini. Kidole kikapanda, kikanyooka, kikaenda kwenye kona ya jicho, pale kiliposimama Jumamosi. Kikasita. Kikasogea, upana wa ukucha, kuelekea rangi. Kikasimama hapo.

Nilimtazama Dada. Alikuwa ameinama mbele kwa goti lake bovu, na alikuwa akitazama kidole tu.

Mkaguzi alishusha mkono. Akakaa kidogo, kisha akajiviringisha kutoka mapajani, akaliokota kopo lake, na kwa sauti ya mtu ambaye amepotezewa muda akamwambia mama yake kwamba maji yamekwisha, alete mengine.

Mshonaji aliinuka kwenda kuyachota.